Mfuko wa dawa wa mama wa Mbagala: uchambuzi wa kisa cha sukari iliyoshuka mara mbili

Saa 8:45 mchana, katikati ya Ramadhani, mama wa miaka 61 anashushwa kwenye bajaji mbele ya idara ya dharura ya hospitali moja jijini Dar es Salaam. Ana uzito wa kilo 54. Amelowa jasho, haitiki akiitwa, na mkono wake wa kushoto umelegea kuliko wa kulia. Ndugu waliomleta kutoka Mbagala wamekwisha kukubaliana njiani kwamba ni kiharusi. Wanasema amefunga, alilala baada ya adhuhuri kama kawaida yake, na alipoamshwa hakuamka.

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia wauguzi wanaosimamia dawa za wagonjwa wa muda mrefu. Hakuna mgonjwa mmoja aliyeyapata yote haya, ila kila kipande chake hukutwa kwenye kliniki za kisukari na shinikizo la damu za jiji hili. Saa zimeandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, lakini kwenye chati ziandikwe kwa mtindo wa saa 24. Muuguzi mmoja akiandika "saa 2" akimaanisha usiku, na mwingine akaisoma 02:00, dozi inakosewa kwa saa sita.

Dakika kumi za mwanzo

Mgonjwa yeyote asiyejitambua, hata yule ambaye uso mzima unasema kiharusi, anapimwa sukari kabla ya jambo jingine kufuata. Sukari ikishuka sana inaweza kulegeza upande mmoja wa mwili, kuleta degedege, au kumfanya mtu mpole awe mkali hadi ndugu waseme amepandisha mashetani. Kidole kifutwe kwa maji na kikaushwe kwanza, kwa sababu kidole kilichokuwa kinamenya embe au kushika tende huinua kipimo kwa uongo. Mgonjwa huyu alikuwa na vidole vya baridi, na damu isiyozunguka vizuri pia hupotosha kipimo cha kidoleni. Kwa hiyo tone la kwanza lilitoka kwenye mshipa uleule uliowekewa kanula.

Sukari: 1.7 mmol/l. Mapigo 104, shinikizo 98/58, pumzi 22 kwa dakika, oksijeni asilimia 96, joto 36.0.

Kinachotakiwa ni gramu 20 hadi 25 za glukosi kwenye mshipa. Njia salama zaidi ni dekstrosi ya asilimia 10, mililita 250 kwa dakika 10 hadi 15. Chupa za asilimia 10 hazipo kila siku, na hapo ndipo mikono mingi hukimbilia dekstrosi ya asilimia 50 na kuisukuma yote kwenye mshipa mwembamba wa kiganja. Dawa hiyo ni nzito kupita kiasi. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, na kidonda chake huchukua wiki nyingi kupona. Kama ya asilimia 50 ndiyo pekee iliyopo, chukua mililita 50, zichanganye na mililita 200 za maji ya sindano, utapata mililita 250 za asilimia 10. Kama kuna chupa ya nusu lita ya asilimia 5, toa mililita 55 umwage, kisha ingiza mililita 55 za asilimia 50. Utakuwa na nusu lita ya asilimia 10, pungufu kidogo sana. Chupa iandikwe kilichomo, saa na jina la aliyechanganya. Chupa iliyochanganywa bila lebo ni hatari sawa na dawa isiyojulikana.

Mdomoni hakuwekwa kitu. Nyumbani walijaribu kumnywesha maji ya sukari, ndiyo maana mapafu yalisikilizwa vizuri pande zote mbili. Mtu asiyejitambua hamezi, na kinachoingia huteremka kwenye mapafu.

Saa 9:05 sukari ilikuwa 6.8. Alifungua macho, akauliza kama imeadhiniwa alasiri, mkono wa kushoto ukarudi na nguvu zake. Chumba kizima kilipumua. Mjukuu akamfuata muuguzi: "Sista, bibi ameshaamka, tunaomba twende tukafuturie nyumbani."

Wagonjwa wengi hupotelea kwenye ombi hilo. Muuguzi aliyekuwa zamu alimjibu kwa upole: "Kaka, bibi ameamka kwa sababu ya hii chupa. Sijajua bado kilichomwangusha. Nisaidie jambo moja: piga simu nyumbani, mwambie aliyepo amwage dawa zote za bibi juu ya kitanda, apige picha, atume sasa hivi. Zote, hata zile za magoti, hata za kienyeji." Saa 10:00 kamili, picha zikiwa bado zinaingia kwenye simu, sukari ilipimwa tena. Ilikuwa 3.1.

Kwa nini ilishuka tena

Mtu aliyechoma insulini ya kawaida akakosa chakula, sukari yake ikipandishwa mara moja na akala, mara nyingi mambo huishia hapo. Aliyemeza glibenklamidi, kidonge cha kisukari kilichoonekana kwenye picha za mama huyu, yuko kwenye hali nyingine kabisa. Dawa hii hushika seli za kongosho na kuzilazimisha kutoa insulini, hata damu ikiwa haina sukari ya kutosha. Ukimpa glukosi nyingi kwa mkupuo, unaziongezea seli hizohizo sababu ya kutoa insulini zaidi, na saa moja baadaye unarudi ulikotoka. Kwa hiyo sukari ya 6.8 ilikuwa mwanzo tu wa kazi. Nguvu ya glibenklamidi hufika saa 24, na masalia yake yanayotokana na ini bado yana uwezo wa kushusha sukari. Karibu nusu ya masalia hayo hutolewa kwa mkojo. Figo zikilegea yanabaki mwilini, na mgonjwa anaweza kushuka tena na tena hadi siku ya tatu.

Kuna dawa inayozuia moja kwa moja kongosho kumwaga insulini: oktreotaidi, mikrogramu 50 chini ya ngozi kila saa 6. Ikiwepo, itumike mapema. Mahali pengi haipo, na hapa haikuwepo. Glukagoni, sindano ya kupandisha sukari, haifai kwenye hali hii. Nayo huchokoza insulini, na hutegemea akiba ya sukari ndani ya ini, akiba ambayo mfungaji wa saa kumi amekwisha kuitumia sehemu kubwa.

Daktari wa zamu alijulishwa, na saa 10:10 dripu ya dekstrosi ya asilimia 10 ikaanza kwa mililita 100 kwa saa, yaani gramu 10 za glukosi kila saa. Mama akapewa uji wenye maziwa na mkate. Alisita kwa ajili ya saumu, na akaambiwa wazi kwamba saumu ya leo imekwisha kwa ugonjwa. Vipimo vya kidole vikapangwa kila dakika 15 kwa saa moja, kisha kila saa hadi usiku wa manane, kisha kila saa mbili hadi asubuhi iwapo havitashuka chini ya 5. Hiyo ni karibu vijiti 15 vya kupimia kwa usiku mmoja wa mgonjwa mmoja. Vihesabiwe mapema na vitafutwe mapema, kwa sababu saa 9 usiku stoo imefungwa.

Kilichokuwa kitandani

Picha zilionyesha dawa sita na kikaratasi kimoja.

Glibenklamidi miligramu 5, bahasha imeandikwa "1×2". Metfomini miligramu 500, nayo ya kisukari, "2×2". Kidonge cha losatani miligramu 50 kilichounganishwa na haidroklorothiazaidi miligramu 12.5, cha shinikizo, kimoja asubuhi. Hizi tatu zilitoka kliniki. Diklofenaki miligramu 50, "1×2", ilinunuliwa duka la dawa karibu na nyumbani kwa ajili ya magoti, na alikuwa akiimeza karibu wiki tatu mfululizo tangu sala za tarawehe zianze kumsumbua viungo. Kotrimoksazoli ya miligramu 480, ambayo wengi huiita Septrin, "2×2" kwa siku tano, ilitoka zahanati alikokwenda akilalamika mkojo unachoma. Hii ilikuwa siku ya nne. Parasetamoli zilikuwa chache tu. Kwenye kikaratasi kulikuwa na unga wa uwatu, aliopewa na jirani "kwa ajili ya sukari".

"1×2" inamaanisha kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Mama huyu aliisoma vizuri miezi yote. Ilipoingia Ramadhani hakuna aliyemweleza la kufanya, naye akaamua kwa akili ya kawaida: chakula cha mchana hakipo, basi dawa zote na zimezwe daku. Alimeza glibenklamidi miligramu 10 kwa mara moja saa 10:30 alfajiri, kisha akakaa bila kula. Kliniki ilikuwa na nafasi ya kumuuliza swali hilo mwezi wa Shaaban. Kwenye jiji ambalo sehemu kubwa ya wagonjwa wake hufunga, swali la "utafunga, mama?" linatakiwa kuwa sehemu ya ziara hiyo kama ilivyo kupima shinikizo.

Dozi ya daku peke yake ingeweza kumshusha, ila alifunga zaidi ya wiki mbili bila kuanguka. Kilichobadilika ni Septrin. Sulfamethoksazoli iliyomo inafanya mambo mawili. Inakizuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C9, ambacho ndicho kinachovunja sehemu kubwa ya glibenklamidi. Tena umbo lake ni ndugu wa karibu wa glibenklamidi, na kwa mtu mwenye figo dhaifu linaweza lenyewe kuchokoza kongosho. Viwango vya dawa kwenye damu vikipandana hivyo, siku ya tatu au ya nne ndipo mtu huanguka, wakati mkojo umeacha kuchoma na yeye anaamini anapona.

Ukiulizwa kosa lilikuwa la nani, jibu halitoki haraka. Kliniki haikujua kuhusu diklofenaki. Muuza duka aliulizwa dawa ya magoti akatoa dawa ya magoti. Zahanati ilitibu mkojo kwa dawa inayotumika kila siku. Hakuna kati yao aliyeziona dawa zote pamoja. Ndiyo maana kwetu sisi swali "unatumia dawa gani?" halitoshi. Watu hujibu kwa dawa za kliniki tu, kwa kuwa zile za duka hawazihesabu kuwa dawa, na za kienyeji wanaogopa kugombezwa. Swali linalofanya kazi ni "nionyeshe", na kwa wasioweza kubeba, picha ya simu inatosha.

Kadi ilikuwa imeshasema

Kadi yake ya kliniki ililetwa jioni. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, kwa miezi minne: 8.9, kisha 7.1, kisha 5.6, kisha 4.3. Dozi zilezile, uzito uleule. Pembeni ya 4.3 kuna alama ya vema na maneno "sukari nzuri, endelea".

Hapa ndipo ningependa kila muuguzi wa kliniki asimame kwa muda. Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi ambaye sukari yake inaanza kujipanga yenyewe, bila kupungua uzito kwa makusudi, bila kubadilisha chakula, bila kuongezewa dawa, anatakiwa kutiliwa shaka kwenye figo. Figo ni mahali ambapo insulini ya mwili yenyewe huvunjwa kwa sehemu, na ni mlango wa kutokea masalia ya glibenklamidi. Mlango ukiziba, dozi ya jana inakuwa kubwa leo bila mtu kuigusa. Namba iliyopewa pongezi ndiyo iliyokuwa king'ora.

Na kreatinini (taka inayotolewa na figo, ambayo hupanda zikilegea) ya miezi mitatu iliyopita ilikuwepo kwenye kadi: mikromoli 118 kwa lita. Kwa macho inaonekana imezidi kidogo tu. Kwa hesabu ya Cockcroft na Gault ya kukadiria kasi ya figo kuchuja damu, ambayo inafanyika kwa simu ya kawaida, mambo ni tofauti. Chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.04 kwa mwanamke au 1.23 kwa mwanamume, gawa kwa kreatinini. Kwake: 140 toa 61 ni 79, mara 54 ni 4,266, mara 1.04 ni karibu 4,437. Gawa kwa 118 unapata 38 mililita kwa dakika. Hesabu nyingine inayotumiwa na maabara, isiyotazama uzito, ingetoa kama 45. Kwa mzee mwembamba, na kwa dawa ambayo kosa lake ni kumzimisha mtu, tunaegemea namba ya chini.

Kwa 38, glibenklamidi ilitakiwa kusimamishwa siku ileile, na metfomini ishushwe isizidi gramu moja kwa siku badala ya mbili alizokuwa akimeza. Tena Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuiweka glikilazaidi, dawa ya kundi lilelile, mahali pa glibenklamidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013, na kueleza kwamba glibenklamidi haifai kwa aliyezidi miaka 60. Mama ana 61.

Majibu ya damu ya saa 11:40 jioni: kreatinini 248, ambayo kwa hesabu ileile ni kama 18. Namba hiyo ni ya kukadiria tu, kwa kuwa kreatinini inayopanda haijatulia, na figo zenyewe huenda zilikuwa zinafanya kazi kwa chini ya hapo. Tena trimethoprimu, dawa ya pili iliyomo ndani ya Septrin, hupandisha kreatinini kidogo kwa kuzuia njia yake ya kutokea, hata bila kuumiza figo. Ila kupanda kwa zaidi ya mara mbili hakuelezwi na hilo peke yake.

Kilichoziumiza figo kinaonekana kwenye orodha ileile ya dawa. Diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Losatani hulegeza mshipa unaotoa. Haidroklorothiazaidi hutoa maji, na saumu ya siku nzima kwenye joto la Dar hupunguza mengine. Damu inaingia kidogo na kutoka kwa urahisi, kwa hiyo msukumo ndani ya chujio unaporomoka. Dawa mbili kati ya hizo figo huweza kuzivumilia. Zikifika tatu, pamoja na ukavu, huzima.

Potasiamu 6.4

Majibu hayohayo ya damu yalionyesha potasiamu 6.4, iliyo juu mno. Sampuli iliyovunjika seli hutoa potasiamu ya uongo, na mgonjwa aliyefungwa mpira muda mrefu huku akikunja ngumi vilevile. Kwa hiyo sampuli ilirudiwa, kutoka mkono usio na dripu. Lakini hatukungoja jibu la pili ili kuanza. Kipimo cha umeme wa moyo kilifanyika kitandani tangu saa 10:30 kwa sababu ya orodha ya dawa peke yake: losatani hubakisha potasiamu, trimethoprimu hufunga mlango wa sodiamu kwenye mfereji wa mwisho wa figo na hivyo kuzuia potasiamu kutoka, diklofenaki huongezea, na figo zimelala. Karatasi ilionyesha mawimbi ya T yaliyochongoka. Maabara inaweza kuchukua saa mbili, karatasi hiyo huchukua dakika tano.

Hatua ya kwanza ilikuwa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 kwa dakika tano, mtambo wa moyo ukitazamwa, na kurudiwa mara moja kwa kuwa mawimbi hayakubadilika baada ya dakika kumi. Kalsiamu haishushi potasiamu. Inaulinda moyo kwa nusu saa hadi saa moja, muda wa kufanya mengine.

Hapa kulikuwa na mtego. Daktari alikwisha kuagiza seftriaksoni gramu 1 kwa ajili ya mkojo, badala ya Septrin. Seftriaksoni na kalsiamu zikikutana kwenye mpira mmoja hugandiana na kuwa chembe. Mpira ulisafishwa kwa mililita 20 za chumvi ya asilimia 0.9 kati ya moja na nyingine. Siprofloksasini, ambayo mkono wa wengi ungeikimbilia, ilikataliwa: nayo hushusha sukari kwa wanaotumia dawa za kundi la glibenklamidi.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Matibabu yaliyozoeleka ya potasiamu kubwa ni insulini ya haraka yuniti 10 pamoja na gramu 25 za glukosi. Kwa mgonjwa ambaye ametoka kwenye 1.7 saa tatu zilizopita, na ambaye kongosho lake linamwaga insulini bila breki, agizo hilo likitekelezwa kwa mazoea linaweza kumrudisha kwenye kuzimia. Muuguzi aliuliza kabla ya kuvuta sindano, na daktari akakubali kuanza na salbutamoli ya kuvuta: miligramu 10, ambayo kwa dawa ya miligramu 5 kwa mililita ni mililita 2, ikaongezewa mililita 2 za chumvi. Salbutamoli husukuma potasiamu ndani ya seli ndani ya nusu saa na hupandisha sukari kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa faida. Shinikizo likiwa chini na ulimi mkavu, alipewa pia nusu lita ya chumvi ya asilimia 0.9, na mkojo ukaanza kupimwa kwa mililita kila saa.

Kuna jambo ambalo si rahisi kuliona: kwa mgonjwa huyu, dripu ya dekstrosi pamoja na insulini aliyokuwa akiimwaga mwenyewe vilikuwa tayari vinafanya kazi ya "insulini na glukosi". Potasiamu ya saa 1:30 usiku ilikuwa 5.8. Maana yake vilevile ni kwamba siku dripu itakaposimamishwa, potasiamu inaweza kupanda tena, kwa hiyo ipimwe saa chache baada ya kuifunga. Kama ingebaki 6.5 au zaidi, au moyo ungeendelea kubadilika, mpango ulioandikwa ulikuwa yuniti 5 za insulini na gramu 25 za glukosi, dripu ikiendelea, sukari kila nusu saa kwa saa sita. Yuniti 5 ni mililita 0.05 kwa insulini ya yuniti 100, kiasi ambacho hakionekani kwenye sindano ya mililita 2. Sindano ya insulini pekee ndiyo itumike, na wauguzi wawili wasome alama kila mmoja kwa macho yake.

Usiku

Ripoti ya kukabidhi zamu ilitolewa kitandani, kwa maneno machache: alimeza nini, saa ngapi, kwa nini atashuka tena, na afanywe nini akishuka. Chati ilikuwa na sentensi moja kwa herufi kubwa: "USIFUNGE DRIPU HATA SUKARI IKIWA 9".

Ilihitajika. Saa 4 usiku sukari ilikuwa 8.8, na kwa mazoea ya wodi mgonjwa wa kisukari mwenye 8.8 anayepewa dekstrosi anaonekana kama kosa. Saa 8 usiku ikawa 3.4, dripu ikiwa inakwenda. Kanula ilikaguliwa kwanza, kwani kanula iliyovimba chini ya ngozi ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Ilikuwa nzima. Akapewa mililita 150 za asilimia 10 kwa dakika kumi, na dripu ikapandishwa hadi mililita 130 kwa saa. Saa 9 ikawa 6.2.

Asubuhi sodiamu ilikuwa imeshuka kutoka 133 hadi 129. Lita mbili na zaidi za maji ya sukari ndani ya mtu ambaye figo zake hazitoi maji vizuri zina gharama yake, na hilo ni jambo la kulitafuta kabla halijaleta kuchanganyikiwa ambako mtu atakudhania ni sukari tena. Kwa kuwa sasa alikuwa anakula vizuri, wali na maharage kidogo kidogo kila saa tatu, dripu ilianza kupunguzwa kwa mililita 20 kila saa mbili, kila hatua ikitanguliwa na kipimo kisicho chini ya 5.6. Ilifungwa saa 34 baada ya kuanza. Akakaa saa 24 nyingine bila dripu kabla ya kufikiriwa kuruhusiwa, na potasiamu ya baada ya kufunga ilikuwa 4.9.

Dawa za kwenda nazo nyumbani

Siku ya nne kreatinini ilikuwa 162, sawa na 27 kwa hesabu yetu. Glibenklamidi ilisimamishwa moja kwa moja, na bahasha iliyobaki nyumbani iliombwa irudishwe, kwa sababu dawa iliyobaki kabatini hurudi mdomoni. Metfomini ilisimamishwa hadi figo zipite 30. Losatani na haidroklorothiazaidi zilisimamishwa pia, na shinikizo lililoanza kurudi 152/86 likapewa amlodipini miligramu 5. Kwa magoti: parasetamoli gramu 1 isiyozidi mara tatu kwa siku, na diklofenaki aambiwe kwa jina na kwa sura ya kidonge kwamba si yake tena, pamoja na ndugu zake ibuprofeni na zinazofanana nazo. Uwatu uliandikwa kwenye kadi bila ugomvi. Fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) ya kuripoti madhara ya dawa ilijazwa, ikitaja glibenklamidi na kotrimoksazoli kwa pamoja. Ripoti inayotaja moja tu huficha kilichotokea.

Swali la saumu mama alilileta mwenyewe. Aliambiwa kwamba aliyeanguka hivi yumo kwenye kundi la hatari kubwa zaidi, kwamba siku zilizobaki asifunge, na kwamba mwakani aje kliniki mwezi mmoja kabla. Kuhusu fidia au kulipa siku, azungumze na sheikh wake akiwa na maelezo ya daktari mkononi. Aliambiwa pia kwamba kwa wanazuoni wengi kujichoma kidole kupima sukari hakufunguzi. Wengi huacha kupima mchana kwa kuogopa hilo, hata wanapotetemeka.

Binti yake alipewa kazi moja: sukari ya asubuhi kila siku kwa wiki mbili, iandikwe. Alipiga simu siku ya sita akiwa na hofu, sukari ni 10.4 na mama hana dawa yoyote ya kisukari. Akajibiwa: "Hiyo tunaitarajia, dada. Nipigie ikizidi 15, au ikishuka chini ya 5." Baada ya wiki mbili kreatinini ilikuwa 112, figo kama 40, sukari ya asubuhi 9.6, potasiamu 4.6. Metfomini ilirudishwa, miligramu 500 asubuhi na jioni pamoja na chakula, kreatinini ipimwe kila miezi mitatu. Kwenye ukurasa wa mbele wa kadi, juu ya shinikizo na uzito, sasa kuna mstari mpya ulioandikwa kwa wino mwekundu: kasi ya figo 40, tarehe, na chini yake "dawa zote alizonazo nyumbani zimeonekana".